Mafunzo Niliyopata kwa Kuweka Bajeti Kwenye Simu

Wewe unayetaka kumaliza nyumba, kuoa au kukuza duka, programu ya bajeti itakufaa. Inahesabu vizuri, lakini kalenda na vipaumbele lazima uipe mwenyewe. Haya ndiyo niliyojifunza hapa Wete, Pemba.

1. Vidogo vidogo ndivyo vinavyomaliza

Nilipoanza kuandika kila shilingi, nilidhani nauli itaongoza. Mwisho wa mwezi nikashangaa: bando na makato ya kutuma na kutoa fedha viliipita. Siku vilipokatwa sikuvihisi. Kichwa husahau vidogo, programu haisahau. Andika papo hapo, kabla hujatoka dukani.

2. Mkarafuu haulipi kwa mwezi

Nilipouza karafuu kituo cha ZSTC, shirika la serikali linalonunua karafuu, programu ilinionyesha ziada kubwa. Haikujua kwamba mkarafuu ukizaa sana mwaka huu, mwakani huenda ukazaa haba. Programu nyingi hudhani kila mtu ana mshahara. Siku hizi natoa kwanza ujira wa wachumaji na fedha ya kupalilia. Kinachobaki nakigawa kwa miezi yote hadi mavuno yajayo, na kila mwezi naingiza fungu moja tu kama pato. Mvuvi na mkulima wa mwani nao wapangie mwezi mbaya, si mzuri.

3. Sikukuu haifuati Januari

Niliweka kikumbusho cha nguo za watoto, wiki moja kabla ya Idi, kijirudie kila mwaka. Mwaka uliofuata kililia Idi imeshapita, maana mwaka wa Hijria ni mfupi kwa siku 11 hivi. Hesabu kwa mwezi mwandamo: anza kuweka tangu Rajabu, futari na nguo zisikukute mikono mitupu.

4. Usiipe simu kila ruhusa

Programu moja iliomba kusoma ujumbe wangu wote na majina ya watu ninaowasiliana nao. Nikaifuta. Mwezi Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza majukwaa na programu 69 za mikopo ya mtandaoni zisizo na leseni. Ukitafuta programu ya bajeti, za mikopo nazo hujitokeza. Kuandika matumizi hakuhitaji namba yako ya siri wala majina ya jamaa zako.

5. Upatu na michango vina fungu lake

Fedha ya upatu programu iliihesabu kuwa matumizi, na mchango wa harusi ya jirani ikauweka kwenye "mengineyo", ikanishauri nipunguze. Kumbe zamu yangu ya upatu ndiyo iliyonunua mabati, na tulipofiwa, majirani ndio waliokuja na mchele. Upatu uandike kuwa akiba. Michango ifungulie fungu lake na kiwango unachokimudu, kisha ukilinde kama unavyolinda ada ya mtoto.