Kupakua na Kusakinisha: Istilahi za Kivinjari kwa Msemaji wa Bariadi

Istilahi za kompyuta hupimwa aghalabu kwa ufupi na unyambulikaji wake. Taswira anayoijenga msikilizaji hupewa uzito mdogo. Mkoa wa Simiyu, ulioanzishwa mwaka 2012 na wenye makao makuu Bariadi, ni mfano unaofaa: ni nchi ya pamba, na kwa Wasukuma wengi wa huko Kiswahili ni lugha ya pili.

*Pakua* haihitaji mfasiri. Ugali hupakuliwa chunguni, marobota ya pamba hupakuliwa kutoka lorini. Kwamba chungu hupungua, ilhali faili asilia hubaki lilipo, ni kasoro ndogo. Kasoro kubwa ni kwamba chakula kilichopakuliwa ni tayari kuliwa, lakini toleo jipya la kivinjari lililopakuliwa aghalabu hulala tu katika kabrasha mpaka lisakinishwe. Anayeishia hapo huendelea kutumia toleo kuukuu, pamoja na mianya yake ya usalama, akidhani amemaliza kazi.

Kwa hiyo mzigo wa maana uko katika *sakinisha*. Shina lake, *sakini*, halisikiki sana mitaani, ila *maskani* hujulikana na wengi. Mwalimu na aanzie hapo: programu hupewa makazi ndani ya kompyuta. *Weka* ingeeleweka upesi zaidi, lakini hutumika pia kwa maana ya kuhifadhi, na hivyo ingeurudisha utata uleule.

Vivinjari vinavyojisasisha vyenyewe humwondolea mtumiaji hatua zote mbili. Kitenzi chake, *sasisha*, kimenyambuliwa kutokana na *sasa* kama *harakisha* kutokana na *haraka*.