Chambua anwani zako kama ndagala

Mdogo wangu wa Magara, barua yako nimeisoma mara mbili. Una vyumba vinne vya wageni pale karibu na ziwa, una daftari lenye anwani zao za barua pepe tangu 2019, na sasa unataka kuwatangazia wote bei za Krismasi kwa mkupuo mmoja. Umezipitisha kwenye programu ya kuhakiki anwani, zimerudi na alama: 97, 64, 12. Unauliza kama ufute kila iliyo chini ya 80.

Ngoja kwanza. Programu hiyo haimjui mgeni wako. Inatazama kama anwani imeandikwa sawasawa, kama jina linalofuata alama ya @ lina seva ya kupokea barua, kisha inabisha hodi kwenye seva hiyo: fulani yupo? Ikijibiwa, inaondoka bila kuacha barua. Alama ni makisio yanayotokana na majibu hayo, na kila kampuni inakisia kwa hesabu yake. 64 ya huyu si 64 ya yule.

Anza na zile za 12. Kabla ya kufuta, fungua daftari. Huku kwetu kompyuta nyingi zina kibodi ya Kifaransa, na aliyezoea ya Kiingereza akitaka A anapiga Q bila kujua. Tazama pia »gmail.con« na »yahoo.f«. Inayosahihishika, sahihisha, iliyobaki ifute bila huruma. Tangu Desemba 2023 Google imekuwa ikifuta akaunti binafsi ambazo wenyewe hawakuzigusa kwa miaka 2, na kwetu ziko tele: mtu alifunguliwa anwani kwenye kibanda cha intaneti ili aombe kazi, neno la siri likasahaulika siku ya pili.

Mimi nilipuuza hayo. Mwaka mmoja niliwatumia salamu watu wote wa orodha yangu, wazima na wafu. Zilirudi barua nyingi hata nikaona aibu. Kilichoniuma zaidi kilikuja baadaye: hata barua kwa wateja wangu wa kweli zikawa zinaangukia kwenye sanduku la taka. Seva zinakumbuka, mdogo wangu. Anayebisha hodi kwenye nyumba tupu kila mara huhesabiwa tapeli.

Zile za 64 ndizo zinazohitaji akili. Seva za baadhi ya ofisi hukubali kila jina unalolitaja, hata la kubuni, kwa hiyo programu inabaki kuguna tu. Usizifute, na usizitumie zote kwa pamoja. Hapa sisi wa pwani ya ziwa tuna bahati: mgeni aliyeacha anwani aliacha na namba ya simu. Mpigie, au mwandikie WhatsApp, umuulize: anwani hii bado unaitumia, na je, nikuandikie? Hilo swali la pili ndilo zito.

Maana hata 97 haisemi kwamba mtu anataka barua yako. Inasema mlango upo. Google inawataka watumaji wasifikishe malalamiko ya taka asilimia 0.3; kwa barua 300, hiyo ni kama mtu mmoja tu aliyeudhika. Kanuni kali za Februari 2024 ziliwalenga hasa wanaotuma barua 5,000 au zaidi kwa siku kwenye Gmail, wewe hujafika huko, lakini weka njia rahisi ya kujitoa mwishoni mwa kila barua. Na kijana yeyote anayekuuzia orodha »safi« ya watalii, mwambie akauze kwingine. Ndagala waliokaushwa mchangani hata ukiwapepeta vipi, mlaji atasikia mchanga menoni.

Jambo dogo: huduma nyingi hukuruhusu kupima anwani chache bure, halafu zinataka kadi ya benki ya kimataifa. Orodha yako ni ndogo. Pima zile tu zenye shaka, na usipakie majina na namba za wageni pamoja na anwani; programu haizihitaji, na wageni hawakukupa ruhusa ya kuzisambaza.

Fanya kazi hii kabla ya Novemba. Ukimaliza niandikie umebaki na anwani ngapi, na wangapi walipokea simu.