Mafunzo Niliyopata Kwenye Mvinyo wa Dodoma

Wengi wakisikia mvinyo mawazo yao hukimbilia Ufaransa au Afrika Kusini. Mimi nimejifunza kuuonja kutoka kwa wakulima wa Dodoma, kwa hiyo mafunzo yangu huanzia shambani.

1. Rangi iko kwenye ganda. Menya punje ya zabibu nyekundu uone: nyama ya ndani ni ya kijani hafifu. Mvinyo mwekundu huchachushwa pamoja na maganda, na humo ndimo inamotoka rangi pamoja na tanini, ile inayokausha ulimi kama chai ya rangi iliyochemka kupita kiasi. Mweupe hukamuliwa, maganda yakatupwa mapema. Mtu akilalamika kwamba mvinyo ni mkali, muulize: ukali unaojaza mate mdomoni, au unaokausha fizi? Wa kwanza ni tindikali, wa pili ni tanini. Ukishaweza kuvitofautisha hivi viwili, maneno mengi ya wataalamu hayatakutisha tena.

2. Drai, yaani usio mtamu, si mbovu. Hamira imekula sukari karibu yote na kuigeuza kileo, basi. Anayependa mtamu anywe mtamu bila kuona haya.

3. Mzabibu wa Dodoma haulali. Ulaya baridi huupumzisha mzabibu, nao huzaa mara moja kwa mwaka. Hapa hakuna baridi ya namna hiyo. Mkulima hupogoa, mti ukachipua na kuanza safari upya. Ndiyo maana tunavuna mara mbili, karibu na Machi na tena Agosti hadi Septemba. Zabibu zinazokua wakati wa mvua husumbuliwa sana na ukungu, kwa hiyo mimi hupenda kuuliza chupa imetokana na msimu upi. Wauzaji wengi hubaki wananitazama tu. Na kwa kuwa zabibu hazingoji mnunuzi, wakulima wengine huzikamua, wakahifadhi mchuzi kwenye matangi hadi kiwanda kije kuuchukua.

4. Jina la zabibu lina ukoo wake. Chenin Blanc asili yake ni bonde la Loire, Ufaransa. Makutupora nyekundu ina jina la eneo la kaskazini mwa jiji la Dodoma. Cabernet Sauvignon, mfalme wa nyekundu, mzazi wake mmoja ni zabibu nyeupe! Vipimo vya vinasaba vya chuo kikuu cha Davis, California, vilivyochapishwa mwaka 1997, vilionyesha kuwa ni mtoto wa Cabernet Franc na Sauvignon Blanc.

5. Macho huonja kabla ya ulimi. Katika utafiti wa Bordeaux uliochapishwa mwaka 2001, wanafunzi 54 wa fani ya mvinyo walipewa mvinyo mweupe uliotiwa rangi nyekundu isiyo na harufu. Wakaueleza kwa maneno ya mvinyo mwekundu. Nikitaka kulinganisha chupa mbili, naomba mtu anifunikie lebo kwa gazeti, na bei nisiambiwe.

6. “Joto la chumba” ni ushauri wa vyumba vya Ulaya. Mvinyo mwekundu hupendeza kwenye nyuzi 15 hadi 18. Mchana wa Dodoma hupita hapo kwa mbali, na kileo hupanda puani kabla ya harufu ya tunda. Uweke kwenye friji nusu saa. Mweupe, kinyume chake, utoe kidogo kabla ya kumimina, maana ukiwa baridi kama barafu husikii harufu yoyote. Mhudumu akikushangaa kwa kuomba mwekundu uliopoa, usimbishie. Mwombe tu ndoo ya barafu.