Somo la Wanachama: Kilo Peke Yake Hazitoshi



Katika wilaya za Mbulu na Hanang tumezoea kuhesabu magunia ya mahindi, ngano na vitunguu saumu, na katika kuhesabu ng'ombe hatuhitaji mwalimu. Lakini samaki, kwa kuwa hatuwaoni wakiwa majini, huhesabiwa baada ya kufa tu. Somo hili lahusu namna ya kuandika mavuno ya samaki ili chama kitambue mapema kama ziwa linapungukiwa.

1. Maziwa yetu

Si kila ziwa ni la kuvuliwa. Balangida, lililo karibu na Mlima Hanang, ni ziwa la chumvi. Eyasi ni la magadi na hukauka sehemu kubwa wakati wa ukame, ingawa yuko perege wa aina moja anayestahimili maji hayo, naye huonekana pia Manyara. Basotu katika Hanang na Tlawi katika Mbulu ni maziwa ya maji baridi, lakini ni madogo. Katika ziwa dogo, madhara ya uvuvi mbaya hayachukui miaka mingi kuonekana.

2. Tabia za perege na kambare

Perege dume huchimba kiota mahali penye kina kifupi. Jike hutaga hapo, kisha huyachukua mayai kinywani mpaka yaanguliwe, na hata baada ya hapo watoto hukimbilia kinywani mwa mama yao kwa siku kadhaa. Wakati huo jike karibu hali kitu, kwa hiyo ndoana haimpati kwa urahisi. Kokoro, kinyume chake, hukumba mama, watoto na kiota kwa pamoja. Kokoro, nyavu za timba, sumu na baruti vimepigwa marufuku chini ya Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 na kanuni zake.

Kambare hana malezi hayo. Mvua zinapoanza huingia katika majani yaliyofunikwa na maji, akataga mayai maelfu na kuyaacha. Hapo ni rahisi kumpiga kwa mkuki au panga, na wengi wanaouawa hivyo ni majike wenye mayai. Mfugaji mwenye akili hachinji mtamba mwenye mimba. Mvuvi naye afuate desturi hiyo.

3. Zana

Kwa maziwa madogo, mshipi na ndoana ni zana ya haki. Ndoana kubwa huwaacha samaki wachanga. Perege hukubali minyoo au donge la ugali, akavuliwa kwa chelezo karibu na majani. Kambare hutafutwa chini kwa chubwi na chambo cha nyama, hasa jioni. Penye viboko, mvuvi asikae kwenye njia yao ya kutokea majini.

4. Hesabu

Tuchukue mfano wa chama cha kubuni. Mwezi wa Julai wa mwaka wa kwanza, wavuvi 10 walivua siku 20 kila mmoja, wakapata kilo 600. Julai ya mwaka wa pili, wavuvi 15 walivua siku 24 kila mmoja, wakapata kilo 720. Katibu akisoma kilo peke yake, mkutano utapiga makofi na huenda ukaamua kukopa fedha za mitumbwi zaidi.

Sasa tuzidishe wavuvi kwa siku. Mwaka wa kwanza ni siku za uvuvi 200. Mwaka wa pili ni 360. Gawanya kilo kwa siku hizo: mwaka wa kwanza kila mvuvi alipata kilo 3 kwa siku, mwaka wa pili kilo 2. Mavuno ya chama yamepanda, lakini pato la kila mwanachama kwa siku limeshuka kwa theluthi moja. Chama kikikopa hapo, kitalipa deni kwa samaki ambao hawapo.

Tahadhari: linganisha Julai na Julai, si Julai na Februari. Wakati wa mvua samaki hutawanyika, na mavuno hushuka bila ziwa kuwa na kasoro.

5. Kitabu cha mwaloni

Kila siku ya uvuvi yaandikwe haya:

(a) tarehe na idadi ya wavuvi;
(b) idadi ya ndoana za kila mvuvi;
(c) kilo za perege na kilo za kambare, kila aina peke yake;
(d) urefu wa perege 10 wa kwanza kushushwa, bila kuchagua;
(e) bei ya kilo.

Urefu ukipungua pamoja na kilo za siku, chama kisingoje. Kiitishe mkutano, kimwite Afisa Uvuvi wa Wilaya, na kiamue kupunguza siku au kupumzisha sehemu za kutagia. Uamuzi uandikwe katika kumbukumbu na uwahusu wote, viongozi wakiwa wa kwanza.

Maswali ya majadiliano

1. Wavuvi 12 walivua siku 25 kila mmoja, wakapata kilo 750. Kila mmoja alipata kilo ngapi kwa siku?
2. Kwa nini kokoro humdhuru perege kuliko ndoana?
3. Chama chenu kina kumbukumbu za miaka mingapi? Zinaonyesha siku za uvuvi, au kilo tu?