SOMO: KUNUNUA NA KUUZA NYUMBA, KWA DALALI AU BILA DALALI



Wanachama wanaokaribia kustaafu wanatuuliza swali moja: je, anayetaka kununua nyumba au kiwanja amwendee dalali, au atafute mwenyewe? Na yule anayetaka kuuza ili arudi kwao, ampe dalali kazi hiyo au ajiuzie? Somo letu la safari hii ni juu ya jambo hilo, na tumelichukua kama lilivyo hapa Uganda, kwenye viwanda na mashamba yetu.

Wengi wetu tunalala katika nyumba ambazo si zetu. Mkata miwa wa Kakira au Lugazi analala kambini, na mchuma chai wa upande wa Fort Portal analala laini. Siku kazi inapokwisha, ufunguo unarudi ofisini. Kinachobaki ni pesa za NSSF, zile ambazo kila mwezi mwajiri alitoa asilimia 10 na wewe ukakatwa asilimia 5. Ukifika miaka 55 unalipwa. Tena tangu sheria ilipobadilishwa mwaka 2022, mwanachama aliyefikisha miaka 45 na kuchangia kwa miaka 10 anaweza kuchukua sehemu isiyozidi asilimia 20 kabla ya wakati. Pesa hizo ni jasho la maisha yote, wala hazirudi mara ya pili. Na ndugu zetu, habari za nani amelipwa lini hufika kwa madalali upesi sana, wakati mwingine kabla ya mke wake kuambiwa.

DALALI ANALIPWA NA NANI?

Hatupendi kumtukana dalali. Wengine ni wenzetu waliopunguzwa kazi kiwandani, nao wana watoto wa kulisha. Dalali ana miguu. Wewe uko zamu ya usiku, mchana unalala. Yeye anazunguka, anajua mjane gani anauza, na mwenye nyumba yupi ana deni na anataka pesa haraka. Kazi hiyo ni halali na inastahili malipo. Lakini tuelewe jinsi anavyolipwa. Dalali hapati kitu mpaka biashara iishe. Nyumba ikiwa na kesi mahakamani na wewe ukaikimbia, amepoteza siku zake bure. Ukiinunua na kesi yake, amelipwa. Kwa hiyo hata dalali mwema hana faida ya kukuambia, "Ndugu, acha hiyo." Hapo ndipo pa kuangalia, kuliko tabia yake.

Jambo la pili ni kile ambacho wenyewe wanakiita cha juu. Tuchukue mfano. Mzee mmoja anauza nyumba ya vyumba viwili karibu na Buwenge kwa sababu anarudi kwao Arua. Anamwambia dalali, "Nataka milioni 30." Dalali anakwenda kwa mnunuzi, fundi wa kiwandani Jinja, anamwambia kwamba mzee anataka milioni 38. Fundi anabembeleza, wanapatana milioni 36. Mzee anapewa 30, na milioni 6 zinabaki njiani. Kisha dalali anamdai mzee asilimia 5 ya zile 30, yaani milioni moja na nusu. Mzee amebaki na milioni 28 na nusu, fundi ametoa 36, na hawa wawili hawajawahi kukaa pamoja kwenye kiti kimoja.

Sasa tuseme walikutana ana kwa ana wakapatana katikati, milioni 33, na mzee akamlipa dalali asilimia 5 ya bei hiyo. Dalali anapata shilingi 1,650,000. Mzee anabaki na 31,350,000, ambazo ni karibu milioni 3 zaidi ya mwanzo. Fundi naye ameokoa milioni 3. Dalali amelipwa haki yake, na wafanyakazi wawili hawakunyonyana kwa mkono wa mtu wa tatu. Kwa hiyo dalali anayekataza mnunuzi na muuzaji kuonana, akisema "mzee ni mgonjwa" au "mwenyewe yuko safari", tumwache aende zake.

Katika nchi jirani ya Kenya iko sheria ya mwaka 1984 inayomtaka wakala wa nyumba aandikishwe na bodi. Dalali tunayekutana naye sisi, kwenye stendi ya boda au nje ya geti la kiwanda, hana bodi wala ofisi, ana simu tu. Akizima simu, utamshitaki nani?

JAMBO AMBALO DALALI HAKUELEZI

Tukumbuke kwamba nyumba imesimama juu ya ardhi, na ardhi ya Uganda haina sheria ya namna moja. Katiba ya mwaka 1995 inataja njia nne za kumiliki ardhi: ya mila, ya umilikaji kamili, ya mailo, na ya kukodi kwa miaka. Mfanyakazi anayevuka Mto Nile kutoka Jinja kwenda Njeru na Lugazi hulipa nauli ndogo tu, lakini amevuka kutoka ardhi ya namna moja kuingia ya namna nyingine.

Upande wa Busoga, sehemu kubwa ya vijijini ni ardhi ya mila. Hapo mara nyingi hakuna hati. Kuna ukoo, kuna majirani, kuna miti iliyopandwa mpakani. Mwenye ardhi ya namna hiyo anaweza kuomba cheti cha umiliki wa mila chini ya Sheria ya Ardhi ya mwaka 1998, lakini wengi hawajakipata. Basi ukinunua huko, hati yako ni watu. Tembea mpaka wote kwa miguu pamoja na majirani wa pande zote, na ndugu za muuzaji wawepo. Mtoto anayeuza shamba la baba aliyekufa bila barua za mahakama za kusimamia mirathi anauza kisicho chake, hata kama yeye ndiye wa kwanza kuzaliwa. Mjini Jinja viwanja vingi ni vya kukodi, miaka 49 au 99. Hapo uliza miaka mingapi imebaki, maana kununua ukodishaji uliobakiza miaka michache ni kama kununua tikiti ya basi lililokwisha kufika.

Upande wa Buganda ndiko kwenye mtego mkubwa. Mkataba wa Buganda wa mwaka 1900 uligawa ardhi kwa maili za mraba kwa Kabaka, machifu na wakubwa wengine, na ndiyo maana ya jina mailo. Wakulima waliokuwa wakilima pale hawakuondoka; waligeuka kuwa wapangaji juu ya ardhi ya babu zao. Sheria ya Busuulu na Envujjo ya mwaka 1928 iliweka mpaka kwa yale ambayo mwenye mailo aliweza kumdai mkulima. Mpaka leo basi, katika ardhi moja kuna haki mbili: mwenye hati, ambayo Waganda huiita kyapa, na mwenye kibanja anayeishi juu yake na kulipa busuulu. Zote mbili ni haki za kweli. Mwenye kibanja halali hafukuzwi ila kwa amri ya mahakama, na kwa sababu ya kutolipa busuulu.

Dalali anakuonyesha nyumba nzuri karibu na Lugazi, ya matofali na bati jipya, na bei yake ni nusu ya ile uliyosikia kwingine. Anakuambia, "Hii ni ploti." Hasemi kama ni kibanja. Unalipa, unahamia, na baada ya mwaka anakuja mtu ana hati mkononi, anauliza wewe ni nani. Sheria ya Ardhi inasema mwenye kibanja akitaka kuuza, lazima kwanza ampe nafasi ya kununua mwenye ardhi. Marekebisho ya mwaka 2010 yaliongeza ukali: anayeuza bila kufanya hivyo ametenda kosa ambalo kifungo chake chaweza kufika miaka 4, mauzo hayo ni batili, na kibanja kinamrudia mwenye ardhi. Ndugu, sikiliza vizuri hapo. Muuzaji anaweza kufungwa, lakini nyumba inayopotea ni ile uliyoinunua wewe. Dalali haguswi.

Kuna na vibanja vya uongo. Sheria inamlinda aliyekaa juu ya ardhi bila kupingwa kwa miaka 12 au zaidi kabla ya Katiba ya 1995, yaani tangu mwaka 1983 au kabla yake, na yule aliyepata haki hiyo kutoka kwake kwa njia halali, na pia aliyeingia kwa ruhusa ya mwenye ardhi. Mtu aliyekata kipande juzi kwenye msitu wa tajiri anayekaa Kampala hana kibanja cha kukuuzia, hata mwenyekiti wa kijiji akipiga mhuri mara tatu.

Sheria hiyo hiyo ina upande wa pili ambao wenzetu wengi hawaujui. Mwenye ardhi naye akitaka kuuza hati yake, lazima kwanza ampe nafasi mwenye kibanja anayeishi pale. Mwanachama ambaye tayari ana kibanja, badala ya kutafutiwa kiwanja kipya na dalali, pengine aanze kwa kumwendea mwenye ardhi na kumwuliza bei ya hati. Kwa maoni yetu, hiyo ndiyo njia bora kwa aliye na akiba ndogo, wala haina dalali ndani yake.

Na wenzetu waliotoka Congo, Rwanda au Kenya, ambao si raia wa Uganda, wajue kwamba sheria hairuhusu wamiliki mailo wala umilikaji kamili. Wanaweza kukodi tu, muda usiozidi miaka 99. Dalali akikuambia "tutaandika jina la shemeji yako," nyumba hiyo ni ya shemeji yako.

UKITUMIA DALALI, NA USIPOMTUMIA

Mtumie kwa miguu yake. Akutafutie, akuonyeshe, akukutanishe na mwenyewe. Malipo yake yaandikwe kabla ya kazi: kiasi gani, nani atalipa, na yalipwe baada ya kutia saini, si kabla. Asiandike mkataba wa mauzo, asishike pesa ya ununuzi hata siku moja, na asikuletee wakili wake. Wakili anayeletwa na dalali atarudi kwa dalali huyo kesho kutafuta mteja mwingine. Wewe humrudii tena maishani mwako. Pesa iingie benki kwenye akaunti ya muuzaji mwenyewe, yule ambaye jina lake liko kwenye hati na kwenye kitambulisho.

Kabla ya hapo, kama ardhi ina hati, peleka namba zake ofisi ya ardhi, Jinja kwa upande wetu huu au Mukono kwa wale wa Lugazi, uombe uchunguzi wa daftari. Usitosheke na hati unayoonyeshwa mezani. Daftari litakuambia jina la mwenyewe, na kama kuna rehani ya benki au zuio lililowekwa na mtu anayedai haki. Mpima ardhi aliyeandikishwa atafute mawe ya mpaka, maana hati inaweza kuwa ya kweli na kiwanja ulichoonyeshwa kikawa cha jirani. Weka pia akiba ya ushuru wa stempu, asilimia 1.5 ya thamani: kwa milioni 30 ni shilingi 450,000. Wengi humaliza pesa zote kwa muuzaji, hati ikabaki kwa jina la mtu mwingine miaka na miaka.

Mwenyekiti wa LC1 anawafahamu watu wa kijiji, na ushahidi wake ni mzuri. Wengine hudai asilimia 10 ya bei ili wapige mhuri. Mwambie kwa heshima akuonyeshe sheria inayomruhusu, na akuandikie risiti.

Anayeuza naye ana la kuangalia. Nyumba ambayo familia inalala, au shamba linaloilisha, haiuzwi bila mke au mume kukubali kwa maandishi. Mauzo yasiyo na kibali hicho hayasimami, na mnunuzi atarudi kudai pesa ambazo umekwisha kuzitumia. Dalali umpe muda, tuseme miezi 3, na uandike bei ya mwisho pamoja na malipo yake. Usimwachie hati ya asili. Mpe nakala.

Kazi yote hii mtu mmoja aliye zamu hawezi kuifanya, na wakili wa peke yako ni ghali. Ofisi ya ardhi haifunguliwi Jumapili, siku yetu ya mapumziko. Kwa hiyo matawi yajaribu hivi: wanaotaka kununua wajiandikishe kwa katibu, wachague mmoja wao aombewe ruhusa ya siku moja, aende na namba za hati za wenzake wote, na nauli wachangie. Wakili naye akiletewa wanunuzi 10 kwa pamoja, mtazungumza bei tofauti.

Kwenye mkutano ujao wa tawi, kila aliye na kiwanja alete nakala ya karatasi aliyopewa siku aliponunua. Tutazisoma pamoja, moja moja, tuone ipi ni ya hati, ipi ni ya kibanja, na ipi ina saini ya dalali peke yake.