Folda ya Pamoja Hujaza Ghala la Nani?

Ndugu Wanachama,

Siku hizi wengi wetu twaweka picha za stakabadhi za karafuu katika folda ya pamoja kwenye intaneti. Yafaa tujue nafasi inayojaa ni ya nani.

Katika Google Drive, asiyelipa hupewa hadi gigabaiti 15, na humo mna barua pepe zake pia. Faili huhesabiwa kwa yule aliyelipandisha, si kwa mwenye folda. Dropbox sivyo: za bure ni gigabaiti 2, na folda nzima huhesabiwa kwa kila aliyejiunga nayo.

Ghala la Google likijaa, barua pepe haziingii, na tangazo la mkutano halitakufika. Basi futa mafaili yako yasiyo kazi, kisha umwage pipa la taka, kwani yaliyomo bado huhesabiwa.

Katibu