Chura Mdogo, Jina Gani? Hatua Saba za Kutambua Vyura wa Tao la Mashariki na Misitu ya Pwani

Anayeanza kujifunza vyura hukimbilia rangi, na rangi ndiyo humpoteza. Vyura wa matete wa jenasi Hyperolius hupauka wakikaa juani na kukolea usiku. Katika Hyperolius argus wa ukanda wetu wa pwani, dume mara nyingi ni kijani, ilhali jike ni kahawia mwenye madoa makubwa ya rangi ya maziwa. Ukiwaona bwawa moja, usiku mmoja, utaapa kwamba ni spishi mbili.

Duniani wameshatambuliwa zaidi ya spishi 7,000 za vyura, wengi wakiwa wa nchi za joto, na orodha inazidi kurefuka. Milima ya Tao la Mashariki, kuanzia Taita nchini Kenya hadi Udzungwa nchini Tanzania, pamoja na misitu ya pwani iliyo chini yake, ina vyura wadogo wasiopatikana kwingine kokote. Mwongozo huu ni wa mwanafunzi, mwalimu, mtembeza wageni au mtu yeyote mwenye tochi na subira. Lengo ni kufika kwenye jina sahihi kwa kadiri ushahidi unavyoruhusu, na kusimama hapo.

Kabla ya kutoka

Kuingia hifadhi ya msitu kunahitaji kibali, hata kama unakwenda kutazama tu. Utafiti wa kukusanya sampuli una taratibu zake: Tanzania huanzia kwenye taasisi za COSTECH na TAWIRI, Kenya kwenye NACOSTI na KWS. Mwongozo huu hauhitaji kuua chura wala kumhamisha.

Beba tochi ya kichwani na betri za akiba, daftari na penseli (wino huyeyuka mvuani), rula ndogo ya plastiki, kopo angavu lenye mfuniko uliotobolewa, na simu yenye kamera na kinasa sauti. Vaa mabuti ya mpira. Nenda na mwenzako, kwa sababu nyoka nao huwafuata vyura kandokando ya maji.

Usafi si jambo la kupuuza. Kuna kuvu aitwaye kitridi anayeshambulia ngozi ya vyura, na husafiri kwenye tope la viatu. Chura wa Kihansi, Nectophrynoides asperginis, aliishi kwenye eneo la hekta chache tu lililoloweshwa na manyunyu ya maporomoko ya mto Kihansi, Udzungwa. Bwawa la umeme lilipopunguza maji, manyunyu yalipungua. Mwaka 2003 vyura hao waliporomoka ghafla, na kuvu huyo alikutwa kwao. Mwaka 2009 walitangazwa kuwa wametoweka porini. Wamebaki duniani kwa sababu vyura 499 walikuwa wamepelekwa Marekani mwaka 2000 wakazalishwa huko, hadi kizazi chao kikaanza kurudishwa Kihansi mwaka 2012. Kwa hiyo kabla ya kuhama bonde moja kwenda jingine, piga mabuti brashi, yaoshe kwa maji yenye jiki, kisha yaache yakauke kabisa.

Hatua ya 1: Andika mahali kabla ya kumtafuta chura

Andika jina la msitu, mwinuko kutoka usawa wa bahari, tarehe, saa na hali ya hewa. Kisha eleza ulipo hasa: ukingo wa bwawa, majani makavu chini ya miti, mgomba, mwanzi, au jabali lenye maji yanayotiririka.

Sababu ni kwamba katika ukanda huu mahali hupunguza orodha kuliko kitu kingine chochote. Hyperolius rubrovermiculatus, mweusi mwenye michirizi myekundu, ni wa Shimba Hills nchini Kenya. Callulina dawida ni wa misitu ya Taita tu. Ukidhani umempata mmoja wao katika msitu wa Pugu, karibu na Dar es Salaam, rudia kazi yako tangu mwanzo.

Hatua ya 2: Zima tochi, sikiliza

Wanaolia karibu wote ni madume, na kila spishi ina wito wake ambao jike huutambua. Ukifika, zima tochi, nyamaza kwa dakika kadhaa, kisha tenganisha sauti moja baada ya nyingine: ipi inatoka kwenye matete, ipi chini ya majani, ipi juu mitini. Rekodi angalau dakika moja kwa kila sauti, na mwishoni taja kwa mdomo mahali, saa na kama kuna joto au baridi. Kadiri usiku unavyokuwa na joto ndivyo chura anavyolia harakaharaka, kwa hiyo mtaalamu hawezi kulinganisha mwendo wa milio bila kujua hali ya joto.

Lakini kimya si uthibitisho kwamba hakuna chura. Mwaka 2023 watafiti walitangaza Hyperolius ukaguruensis wa milima ya Ukaguru, ambaye dume lake halijulikani kulia. Koo lake lina vijimiba vidogo, na inadhaniwa kwamba jike humtambua kwa kuvigusa. Walimpata wakiwa katika harakati za kumtafuta chura mwingine adimu wa milima hiyohiyo, Churamiti maridadi.

Hatua ya 3: Mpige picha kabla ya kumgusa

Chura akishikwa hubadilika: hujikunja, hujivimbisha, na rangi huanza kugeuka. Mpige picha alipokaa, kisha ukaribie taratibu. Picha zinazosaidia ni nne: mgongo mzima kutoka juu, ubavu ukionyesha jicho na sikio, tumbo na koo, na mkono na mguu vikiwa vimetandazwa. Mbili za mwisho ndizo watu husahau, na mara nyingi ndizo zinazoamua kesi. Mtie ndani ya kopo angavu umpige kutokea chini, kisha umrudishe palepale ulipomtoa.

Ikibidi kumshika, lowesha mikono kwanza, na hakikisha haina dawa ya mbu wala losheni. Ngozi yake hupitisha vitu vingi kwa urahisi.

Hatua ya 4: Pima

Urefu wa chura hupimwa kutoka ncha ya pua hadi tundu la nyuma, bila kuhesabu miguu. Ukiwa na rula chini ya kopo, milimita moja ya makosa si tatizo. Kumbuka kwamba mdogo si lazima awe mtoto. Dume mwenye kifuko cha sauti ni mtu mzima hata akiwa na milimita 18, na jike lenye mayai yanayoonekana kupitia ngozi ya tumbo vilevile.

Hatua ya 5: Soma jicho, vidole na ngozi upate jenasi

Hapa acha rangi kabisa. Jiulize maswali haya kwa mpangilio:

1. *Mboni imelala au imesimama?* Angalia kwa mwanga hafifu, maana tochi kali huibana. Chura wa mimea mwenye mboni iliyolala, asiye na kiwambo cha sikio kinachoonekana wazi, huenda ni Hyperolius. Mboni iliyosimama kama ya paka inakupeleka kwa Afrixalus, Kassina au Leptopelis. Afrixalus ni mdogo na mwembamba, hupenda majani ya kando ya maji. Kassina hukaa chini na hutembea zaidi kuliko kuruka. Leptopelis ana macho makubwa, kichwa kipana na kiwambo cha sikio kinachoonekana.

2. *Ncha za vidole zikoje?* Vyura wapandaji wana visahani vya kunatia. Callulina kreffti wa Usambara ana ncha pana zilizokatwa wima, mwili wa mviringo na ngozi ya vinundu, naye hutembea polepole badala ya kuruka.

3. *Kuna utando kati ya vidole vya miguu?* Hili ni muhimu kwa vyura wa kahawia wa ardhini. Arthroleptis hana utando, na dume lake lina kidole cha tatu cha mkono kirefu kupita kiasi. Phrynobatrachus, chura wa vidimbwi, mara nyingi ana utando kidogo, na ana kinundu katikati ya sehemu iliyo kati ya kisigino na unyayo. Kinundu hicho ni kidogo, lakini ukishakiona mara moja hutakisahau.

4. *Ngozi ni laini au ina vinundu, na sikio lipo?* Mertensophryne micranotis, chura mdogo wa misitu ya pwani, ana ngozi kavu ya vinundu na hana kiwambo cha sikio.

Ukipata majibu yanayopingana, amini vidole na mboni kuliko umbo la mwili. Umbo hutegemea ameshiba au ana njaa.

Hatua ya 6: Tafuta mayai na viluwiluwi

Vitabu vya shule hutufundisha njia moja: mayai majini, kiluwiluwi, chura. Vyura wadogo wa ukanda huu wana njia nyingi, na kila njia ni kitambulisho.

Tazama jani la nyasi lililokunjwa kwa urefu juu ya maji, kingo zake zikiwa zimegandishwa. Lifunue kidogo tu kwa ncha ya penseli. Ukiona mayai meupe yamepangana ndani ya ute, umekuta kazi ya Afrixalus. Liache lijifunge tena. Tonge la povu jeupe kwenye tawi juu ya dimbwi ni la Chiromantis. Ute wenye mayai uliobandikwa juu ya jani lisilokunjwa huenda ni wa Hyperolius.

Msituni, chungulia kwenye makwapa ya migomba na ndani ya mianzi iliyovunjika. Huko Usambara ndiko Hoplophryne rogersi hulelea viluwiluwi vyake. Katika misitu ya pwani, angalia maji yaliyotuama kwenye mashimo ya miti, magamba ya konokono wakubwa na vifuu vya nazi. Kiluwiluwi cha Mertensophryne micranotis kina ukingo wa nyama kichwani unaozunguka macho na pua, na hukisaidia kubaki juu karibu na hewa.

Pengine hutakuta kiluwiluwi chochote. Arthroleptis hutaga kwenye udongo unyevu, na vitoto hutoka ndani ya yai wakiwa vyura kamili. Nectophrynoides huenda mbali zaidi: mayai hukua tumboni mwa mama, naye huzaa vyura wadogo walio hai.

Hatua ya 7: Ondoa wanaofanana, kisha chagua ngazi ya jina

Ukiwa na jenasi, orodhesha spishi zote za jenasi hiyo zinazojulikana mahali ulipo. Kitabu cha Alan Channing na Kim Howell kuhusu amfibia wa Afrika Mashariki, kilichotoka mwaka 2006, ni mwanzo mzuri, ingawa spishi zilizotangazwa baadaye hazimo. Zifute moja moja kwa sababu unayoweza kuiandika. Zikibaki mbili, usirushe shilingi. Huko Usambara Mashariki, Hyperolius mitchelli na Hyperolius puncticulatus huchanganywa hata na watu wazoefu.

Una ngazi tatu za kuandika. Ukiwa na hakika, andika jina kamili: jenasi ikianza kwa herufi kubwa, spishi kwa herufi ndogo, yote yakipigiwa mstari daftarini. Ukiwa na dhana yenye sababu, weka "cf." katikati, yaani alinganishwe na spishi hiyo. Ukijua jenasi tu, andika "sp." na uishie hapo.

Mfano wa kazi nzima

Uko Amani, katika milima ya Usambara Mashariki, kwenye mwinuko wa mita 900 hivi, usiku baada ya mvua. Chini ya majani makavu unamwona chura wa kahawia wa milimita 18, na jirani kunasikika mlio mwembamba unaorudiwarudiwa. Mboni imelala. Hana utando miguuni, wala kinundu kati ya kisigino na unyayo, kwa hiyo Phrynobatrachus anaondoka. Ngozi ni laini na anaruka mbali, kwa hiyo si Callulina. Kidole cha tatu cha mkono ni kirefu mno: ni dume la Arthroleptis, tena mtu mzima.

Hapo wanabaki Arthroleptis xenodactylus na Arthroleptis xenodactyloides, wote wadogo, wote wa milima hiyo. Kama picha ya ncha za vidole haikutoka vizuri, andika "Arthroleptis sp." na uambatanishe picha na sauti. Kazi hiyo imekamilika.

Kwa nini "sp." si kushindwa

Callulina kreffti alipewa jina mwaka 1911, na kwa zaidi ya miaka 90 kila Callulina wa Tao la Mashariki aliitwa hivyo. Kuanzia mwaka 2004, watafiti walipolinganisha milio, vidole na vinasaba vya vyura wa mlima mmoja na mwingine, jenasi ikafikia spishi tisa, nyingi zikiwa za mlima mmoja au msitu mmoja. Mwaka 2025 Nectophrynoides nao waliongezeka spishi tatu, baada ya vinasaba kutolewa hata kwenye vielelezo vya makumbusho vilivyokusanywa zaidi ya karne moja iliyopita. Vielelezo hivyo vilisaidia kwa sababu aliyevikusanya aliandika vilikotoka.

Weka rekodi zako kwenye tovuti ya iNaturalist au uwape nakala wasimamizi wa hifadhi. Kwa spishi adimu ficha mahali kamili, kwa kuwa wapo wanaouza vyura kama wanyama wa kufugwa nyumbani. Rekodi ya "sp." yenye mahali, picha ya vidole na sauti, mtaalamu ataipa jina hata baada ya miaka 20. Jina la kubahatisha lisilo na ushahidi, yeye huyo atalifuta.